Jino la Mwenyekiti

Jumuiya ilikuwa imepata mgonjwa wake, na ilijivunia mgonjwa huyo kuliko kwaya yake. Jumuiya nyingine za Bugarama zilikuwa na wagonjwa pia, lakini wagonjwa wa kawaida tu, wa malaria na presha, watu wanaougua kimyakimya kisha wakapona au wakafa bila kumfaa mtu. Hii ilikuwa na Bibi Ildefonsa, mjane wa katekista, mwanamke aliyesali rozari hata akipalilia maharage. Titi lake la kushoto lilikuwa na kansa, na kansa ilikuwa imepasuka ikawa kidonda. Bibi Ildefonsa alikuwa anaumia kweli kweli, mchana na usiku. Hapo ndipo jumuiya ilipoona utamu.

Restuta, binti yake, alifunga kibanda chake cha nguo kule Biharamulo akaja kumuuguza. Alikuta mambo yameshaiva. Alielezwa kwamba siku moja, kabla hajafika, mama alisema mbele ya wanajumuiya, kwa unyenyekevu wake, kwamba maumivu haya anamtolea Mungu kwa nia ya mvua, maana maharage ya watu yalikuwa yananyauka. Mvua ikanyesha. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na mvua ya mwezi wa kumi na moja isiponyesha huku Ngara sijui inataka kunyesha wapi. Lakini mwenyekiti Thobias alisimama, akashika koti lake, akatangaza kwamba Mungu ameipa jumuiya yao kisima.

Tangu hapo kila Alhamisi, sala zikiisha, watu hawakuondoka. Walibaki, wakaingia chumbani mmoja mmoja, wakainama sikioni kwa mgonjwa na kumwachia nia, yaani ombi la kila mtu. Priscila alitaka binti yake afaulu kidato cha nne. Jeremia alitaka pikipiki. Mwingine alitaka kesi ya mpaka wa shamba imgeukie ndugu yake. "Ukiumwa, mama, na mimi nikumbuke," walimwambia, wakimbonyeza mkono, kama vile mama anakwenda mnadani na kila jirani ana kitu cha kumwagiza. Na mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtu hapana, aliitikia. Kila mmoja alimwitikia.

Restuta alikuwa na mdomo, hilo kijiji kizima kilijua. Hata marehemu baba yake alikuwa akisema huyu mtoto amezaliwa na ulimi wa watu wawili. Lakini mbele ya kitanda kile aliufunga, kwa sababu mama alimtazama kwa macho ya kumwomba aufunge.

Kisha akaja nesi Teddy. Teddy alikuwa nesi wa tiba shufaa kutoka hospitali ya misheni, wale wanaowafuata majumbani wagonjwa wasiopona ili angalau wasiteseke. Alikuja na pikipiki, buti zimejaa tope, na kwenye begi lake alikuwa na kichupa kipya.

"Bibi, mofini ya maji inakusaidia ukiwa umetulia," alisema, "ila tukigusa kidonda haitoshi, na mimi nimeona. Daktari ameruhusu hii. Ni ile dawa ya nusu kaputi wanayotumia kwenye upasuaji. Tunakupa kidogo tu, unakunywa kwenye juisi maana ni chungu, tunasubiri, ndipo tunasafisha. Huzimii. Utasikia kizunguzungu, pengine utaota ndoto ukiwa macho, halafu inapita. Nitakuwa hapa hapa mpaka iishe."

"Asante, mwanangu," alisema Bibi Ildefonsa. "Mpe mwingine."

"Kwa nini, bibi?"

"Nimeshika nia za watu."

Restuta alidhani ni homa. Alimshika mama paji la uso, akalikuta la baridi. Mama alikuwa na akili zake zote, na hilo lilimwudhi zaidi, maana homa ina dawa. Akampigia padri simu, akaiweka sauti ya juu ili mgonjwa asikie. Padri alisema wazi kwamba kutuliza maumivu si dhambi, Kanisa halijakataza, na kwamba yeye mwenyewe alipopasuliwa ngiri hakuomba aamshwe katikati.

"Dhambi najua si dhambi, baba," mama alijibu kuelekea kwenye simu. "Lakini niliitikia. Mtu akikutwika mzigo ukaitikia, unautupaje njiani?"

Hapo Restuta alielewa kuwa kazi ipo. Mama yake alikuwa mtu wa milima hii, ambako mkungu wa ndizi au ndoo ya maji huipandishi kichwani peke yako. Unamwita mtu akutwike. Na nyumbani kwao mama alikuwa na sheria yake, aliwachapa nayo wanawe wote walipokuwa wadogo: aliyekutwika ndiye akutue. Ukitupa mzigo wa mtu, umemtupa mwenye mzigo.

Habari za kichupa zilimfikia mwenyekiti kabla tope la pikipiki ya Teddy halijakauka uani. Alikuja kesho yake na kinamama wa kumsindikiza, akaketi kwenye kiti kizuri, akaanza kwa ile sauti yake ya kusomea masomo kanisani.

"Mama, ihangane," alisema. "Ihangane." Neno hilo huku kwetu tunampa mgonjwa tukimaanisha pole na vumilia kwa pamoja, lakini kinywani mwa Thobias pole ilikuwa ndogo sana. "Dawa hii ni ya kukata fahamu. Ukikata fahamu umekata na nia zetu. Simu ikizimwa, mama, ujumbe unafika wapi? Wewe ndiye umeibeba jumuiya nzima."

Kinamama wakaguna kwa kukubali. Mama akafumba macho.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Restuta kutoka mlangoni.

"Marahaba, binti."

"Kesho asubuhi nasafisha kidonda. Njoo unishikie beseni."

"Kesho tuna kikao cha ushirika wa kahawa."

"Basi keshokutwa."

"Keshokutwa nako, unajua tena, mambo ni mengi."

"Najua," alisema Restuta. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Chai ipo, mwenyekiti, ukitaka."

Asubuhi alisafisha peke yake. Alichemsha maji akatia chumvi, akasaga vidonge vya flajili vya kuzuia harufu, akaloanisha bandeji ili ilegee. Bandeji haikulegea. Bandeji ya jana huwa imeshakuwa sehemu ya nyama, na ukiivuta unavuta na mtu. Mama aling'ata pindo la khanga. Na kila Restuta alipovuta, mama alitoa jina kati ya meno. "Hii ya Priscila." Akavuta. "Hii ya Jeremia." Akavuta. "Hii ya Uwimana." Jasho lilimtiririka mama mpaka kwenye mto.

Haki ya Mungu, pikipiki ya Jeremia. Mama yake alikuwa anachunwa ngozi kwa ajili ya pikipiki ya Jeremia.

"Mama," alisema alipomaliza. "Wakija wenyewe kuchukua nia zao, utakunywa dawa?"

Mama alitoa pindo la khanga mdomoni. "Wakinitua wenyewe, nitakunywa. Lakini waje kwa hiari yao, usiwatukane."

Hilo la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Restuta akajifunga khanga akatoka.

Alianza kwa Uwimana, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Uwimana alizaliwa Lukole, kambi ya wakimbizi. Wenzao waliporudi Burundi, wazazi wake walibaki wakapata shamba, wakawa majirani. Nia yake ilikuwa kaka yake, aliyevuka kwenda ng'ambo kutafuta kazi na hajasikika tena. Restuta alimkuta anamenya muhogo, akamweleza. Alikuwa amejiandaa kubishana. Uwimana aliweka kisu chini, akanawa mikono, akatangulia yeye njiani. Alipofika akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nimekuja kukutua."

"Na kaka yako je, mwanangu?"

"Kaka yangu nitamlilia mwenyewe," alisema Uwimana. "Sikujua kidonda kimefika hivi. Nisamehe."

Restuta akatoka pale na moyo mkunjufu, akiwaza kwamba kama mwenye haja kubwa vile amekubali, hawa wenye vijihaja wataleta shida gani? Kumbe hakuwa amewajua watu wa kwao.

Priscila alimkaribisha, akamfutia kiti, akamsikiliza akitikisa kichwa kwa huruma. Priscila alikuwa na huruma nyingi sana, angeweza kuianika uani kama kahawa.

"Dada, mimi namwonea mama uchungu, Mungu ni shahidi," alisema. "Lakini si mpaka matokeo yatoke tu? Nikiiondoa sasa si itakuwa kama nimemtoa mtoto chumba cha mtihani?"

"Mtoto mtihani ameshamaliza."

"Bado wanasahihisha."

"Anajua hesabu?"

"Hesabu ndiyo inayomsumbua."

"Basi ungemwambia asome hesabu, Priscila. Titi la mama yangu halijui hesabu."

Alikumbuka kwamba ameambiwa asitukane, akaaga upesi. Jeremia alimkuta kijiweni, amekalia pikipiki ya mtu. Yeye hakukataa moja kwa moja. Alijikuna shingo, akatafakari, kisha akapunguza oda yake.

"Basi mwambie bibi hata iliyotumika," alisema. "Si lazima mpya. Hapo si atakuwa anaumia kidogo?"

Restuta alimwacha palepale. Kuna ujinga ambao hata ulimi wa watu wawili hauufikii. Akaendelea na safari.

Nyumbani kwa mwenyekiti alimkuta Thobias barazani amevimba shavu, anakunywa uji upande mmoja wa mdomo. Restuta alimwamkia, akaulizia afya yake, maana adabu ni adabu.

"Jino," alisema Thobias. "Nimeling'oa jana hospitali, nilipotoka kwenu. Lakini hapa, binti, ndipo ujue mama yako ni nani."

"Kivipi?"

Thobias akasogeza kiti. Kwenye jumuiya nia yake aliyoitangaza ilikuwa amani duniani, aliisema kila Alhamisi akiwa amefumba macho. Sasa akaeleza kwa sauti ya chini kwamba nia ile ilikuwa ya hadharani, lakini sikioni mwa mama alikuwa ameacha nyingine. Tangu utoto wake aliogopa kung'oa jino kuliko kitu chochote. Jino lilikuwa limeoza, limemtesa, na hakuthubutu. Ndipo akamwomba mama amtolee maumivu ya siku ile ile ya kwenda kung'oa.

"Na haikuuma?" aliuliza Restuta.

"Hata chembe. Nilisikia wanavuta tu, kama wanang'oa muhogo shambani kwa jirani. Unaona nguvu za mama yako?"

"Walikuchoma sindano?"

"Sindano walichoma, ndiyo," alisema Thobias. "Ile ni taratibu yao."

Restuta aliinama akajifanya anafunga kandambili, kwa sababu uso wake ulikuwa unataka kumsaliti. Alipoinuka alikuwa mpole kama mtawa.

"Mwenyekiti, jambo kubwa kama hili unalikalia barazani? Mama hajui kama amekuponya. Njoo Alhamisi utoe ushuhuda mbele ya watu wote, naye asikie. Mgonjwa anahitaji kutiwa moyo."

Tangu abatizwe, Thobias hakuwahi kukataa kusimama mbele ya watu.

Alhamisi ikafika. Walijaa chumbani na ukumbini, Priscila mbele, Jeremia kwenye mlango, Uwimana amekaa mkekani karibu na miguu ya mgonjwa. Wakasali, wakaimba. Thobias akasimama, shavu limeshapungua, akasimulia. Alianza na utoto wake na hofu yake, akaja kwenye kuoza kwa jino, akapanda nao mpaka hospitali, akawaonyesha pengo. "Na sikusikia uchungu hata chembe," alimaliza. "Mama huyu aliubeba wote." Watu wakapiga makofi.

Bibi Ildefonsa alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyomsikiliza kila mtu maishani mwake.

"Siku ile naikumbuka," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi waliokuwa ukumbini wasogee. "Restuta alinisafisha asubuhi. Nikasema leo sitapiga kelele, leo yote ni ya Thobias. Nikauma khanga ikatoboka. Restuta, waonyeshe."

Restuta akaionyesha khanga.

"Asante sana, mama," alisema Thobias.

"Walikung'oa bila dawa?"

Thobias akakohoa kidogo. "Walichoma ganzi, mama. Kila mtu wanamchoma."

"Ikakutosha?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza, au angedanganya. Lakini Thobias alikuwa amesimama mbele ya watu, na akisimama hujikuta anasema kila kitu. "Ile ya kwanza haikushika vizuri. Nilisikia kama inanichoma hivi. Nikaomba waniongeze ya pili."

"Ukaomba," alisema Bibi Ildefonsa.

"Nikaomba."

"Wakakupa."

"Wakanipa, mama."

Jeremia mlangoni akavua kofia bila kujua kwa nini anaivua. Mama alikuwa anamtazama mwenyekiti, na Restuta aliona katika macho yale kitu ambacho hakuwahi kukiona humo tangu azaliwe. Mama yake alikuwa amekasirika.

"Sasa uchungu wangu wa siku ile ulikwenda wapi, Thobias?"

"Njia za Mungu, mama, hazichunguziki."

"Nakuuliza wewe. Mungu nitamuuliza mwenyewe, siko mbali naye." Alipumzika, akavuta pumzi. "Jino moja. Ukaogopa jino moja, ukaomba sindano, ikakuuma kidogo, ukaomba nyingine. Mimi ulikuja hapa ukaniambia ihangane."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Thobias alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu awe mwenyekiti, pengo likaonekana na hakuna neno lililotoka. Mtu fulani huko ukumbini alicheka, kisha akajifanya anapiga chafya.

"Aliyenitwika anitue," alisema mama. "Leo hii. Sitawatafuta majumbani."

Wakaja. Priscila alikuja analia, akasema binti yake atapata atakachopata. Jeremia alikuja akasema, "Bibi, pikipiki basi," na hata hakumalizia. Yule wa kesi ya mpaka alikuja kwa kujificha nyuma ya wenzake, akanong'ona, akatoka upesi. Thobias alikuja wa mwisho, akagusa ukingo wa kitanda kama mtu anayegusa sufuria kujua kama imepoa. Restuta hakumtukana hata mmoja. Hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Teddy alikuja siku iliyofuata. Alipima dawa, akaichanganya kwenye juisi ya embe, Bibi Ildefonsa akanywa akakunja uso kwa uchungu wa dawa. Wakasubiri. Baada ya muda macho ya mama yakawa mazito lakini wazi, yakatazama dari. Akasema migomba imechanua juu ya paa. Akasema mumewe anapita na baiskeli na hajapiga kengele. Teddy akasema hiyo ni dawa tu, asiogope, na mama akajibu kwamba haogopi, anamngoja apige kengele.

Restuta alivuta bandeji. Mikono ilikuwa imeshajizoeza kusubiri jina. Alivuta, akasubiri, na hakuna jina lililokuja. Akaendelea mpaka nyama yote ikawa wazi, akaosha, akanyunyiza unga wa flajili, akafunga bandeji mpya. Mama alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyepumzika kivulini baada ya kupalilia.

Dawa ilipoanza kumtoka, aligeuza kichwa. "Mtaanza saa ngapi?" aliuliza. "Nataka nijiandae."

"Tumemaliza, mama."

Alishusha mkono taratibu, akagusa bandeji, akaipapasa pembe zote. Ilikuwa kavu na safi. Akaiangalia tena kama haiamini.

"Kumbe," alisema.

Akamgeukia nesi.

"Teddy, mwanangu. Dawa hii ilikuwepo kwenye begi lako tangu siku ile niliyoikataa?"

"Ilikuwepo, bibi. Ni hii hii."

Ndipo Bibi Ildefonsa akalia. Alilia kwa sauti, yeye aliyekuwa ameng'ata khanga ikatoboka, akazilia zile asubuhi zote alizozigawa kwa watu kama andazi. Restuta alikuwa na neno kwa Thobias, na kwa Priscila, na kwa kila mtu wa mlima ule, na maneno mengine alikuwa ameyaweka akiba. Kwa mama yake hayakufaa hata moja. Akapanda kitandani, akamshika.

"Hodi hapa," ikasema sauti ya kusomea masomo kutoka uani. "Hodi wenyewe. Tumekuja kumwona mgonjwa."

Restuta akataka kuinuka. Mama alimzuia kwa mkono, akajifuta macho kwa pindo la khanga, lile lenye matundu.

"Mwambie Thobias," alisema, "hapa leo hakuna anayeumwa. Atafute kwingine."